Mbwa koko ana mwenyewe

Neno "koko" limetuponza. Tunamwona mbwa akikatiza barabara ya vumbi asubuhi, mbavu zinahesabika, sikio moja limechanika, tunasema ni mbwa koko, basi. Tumeshamfanya asiwe wa mtu, kama jani lililoletwa na upepo. Lakini mfuate kwa macho nusu saa uone anakoishia. Mara nyingi atajikunja apite chini ya geti fulani, anywe maji kwenye sufuria iliyobonyea kando ya bomba, kisha ajilaze uvunguni mwa gari kwa raha zake. Ana jina, Simba au Popi au Tom. Kuna mtu humlisha, na usiku kuna familia inayolala kwa kutegemea sauti yake. Watafiti waliozunguka Tanzania wakihesabu mbwa kwa ajili ya kampeni za chanjo wamekuta hivyo hivyo: wengi wa mbwa wanaozurura wana wenyewe, na wasio na kwao kabisa ni wachache. Kwa hiyo tunapolalamika kwamba mitaa imejaa mbwa, tunawalalamikia majirani zetu, na pengine tunajilalamikia sisi wenyewe.

Ninayoyasema hapa yanawahusu wafugaji wa mjini, wenye ua na geti, ambao mbwa wao ana tabia ya kutoroka. Wengi huona utoro ni ukorofi. Mbwa mkorofi hutafutiwa mnyororo, au hugawiwa kwa mtu wa mbali, au huachwa tu mpaka siku aje kuwa habari mbaya. Mimi naona utoro ni taarifa. Mbwa anayetoka kila siku anaeleza kasoro iliyoko kwenye ua, na kasoro nyingine iliyoko katika maisha anayoishi humo ndani. Zote mbili hurekebishika, mara nyingi kwa gharama ndogo kuliko hasara za mnyororo ukizijumlisha. Kinachotakiwa kubanwa ni ua. Mbwa mwenyewe aachiwe nafasi ya kuwa mbwa.

Jambo hili si la mwenye mbwa peke yake. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi mno wakiwa Afrika na Asia, na kwamba katika kila maambukizi 100 ya binadamu, 99 hutoka kwa mbwa. Kwa Tanzania, makadirio ambayo yametajwa kwa miaka mingi ni vifo kama 1,500 kwa mwaka. Kati ya watu wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa, 40 katika kila 100 ni watoto wa chini ya miaka 15. Hilo halimshangazi yeyote anayeijua njia ya kwenda shule saa moja kasoro asubuhi: ndiyo saa ambayo mbwa waliotoka usiku wanarejea makwao, na ndiyo saa ambayo watoto wamejaa barabarani na maandazi mkononi. Dalili zikishajitokeza, ugonjwa huu karibu kila mara huishia kaburini. Kinga ipo: jeraha lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mtu awahishwe kituo cha afya aanze chanjo. Lakini huko kituoni ataulizwa mbwa ni wa nani na yuko wapi. Akijulikana na akiwa hai nyuma ya geti, anaweza kuwekwa chini ya uangalizi kwa siku 10 huku aliyeng'atwa akiendelea kutibiwa, na familia ikapata fununu ya kinachoendelea. Akiwa ni "mbwa tu, alipita", mzazi anabaki na hofu kwa miezi, kwa sababu kirusi hiki kinaweza kukaa mwilini miezi miwili au mitatu, hata zaidi, kabla hakijajionyesha.

Na kichaa ni sehemu tu ya hesabu. Bodaboda anayemkwepa mbwa gizani huanguka yeye na abiria wake. Kuku wa jirani hawana wakili. Jike anayetoka akiwa kwenye joto hurudi na mimba, na baada ya siku 63 hivi kuna watoto sita wanaotafutiwa wa kuwachukua; wakikosa, hutiwa kwenye kiroba na kutupwa karibu na jalala usiku. Wale wachache wasio na kwao kabisa walianzia hapo, kwenye kiroba kilichotoka katika nyumba yenye geti.

Sasa tazama geti lenyewe, katika nyumba ya kawaida huko Goba au Kimara, Dar es Salaam, saa kumi na mbili na nusu jioni. Honi inapigwa mara mbili. Dada anaacha mboga jikoni, anakimbia huku akifuta mikono kwenye kanga, anavuta komeo. Mbwa ameshafika kabla yake. Honi hiyo anaijua kuliko wote. Amekaa upande ule geti linakofungukia, kichwa chini, mkia umetulia, kama mtu anayengoja daladala ya kwanza. Geti linaachana kiasi cha bega la mtu, na kabla taa za gari hazijamulika uani, ameshapita kati ya nguzo na bampa. Baba anafoka ndani ya gari, dada anaitwa mzembe, watoto wanatoka mbio wakiita jina la mbwa, na mbwa anauona huo ndio mchezo mtamu kuliko yote ya siku nzima. Hapo ukuta haujashindwa. Una mita mbili na vipande vya chupa juu yake. Kilichoshindwa ni zile sekunde nne za geti, na binti aliyepewa kazi mbili zisizofanyika pamoja, ya kuingiza gari na ya kuzuia mbwa. Kumlaumu yeye ni uonevu.

Tiba ya sekunde nne ipo, na haihitaji fundi mkubwa. Kama mbwa anaijua honi, basi honi itumike. Ikipigwa, kitu cha kwanza kiwe dagaa wachache au kipande cha ugali ndani ya banda, mlango wa banda ufungwe, ndipo geti lifunguliwe. Ifanyike hivyo kila jioni bila kuruka hata siku moja, na gari lisubiri hiyo dakika. Baada ya wiki kadhaa mbwa wengi wakisikia honi hukimbilia bandani wenyewe, kwa sababu huko ndiko honi inakolipa. Mwenye nafasi anaweza kuongeza kizuizi cha ndani, wavu wa chuma wenye kijilango, ili sehemu ya kuegesha gari itengwe na sehemu ya mbwa. Akipita mlango mmoja, wa pili bado umefungwa. Banda la kuku lililojengwa vizuri huwa na milango miwili kwa sababu hiyo hiyo. Ajabu ni kwamba kuku tunawafikiria hivyo na mbwa hatumfikirii.

Waswahili husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa mbwa tumefanya kinyume: tumejenga ukuta na kuuacha ufa. Ukitaka kuujua ufa wa kwako, msome mbwa anaporudi. Kucha zilizosagika na udongo mwekundu puani, huyo amechimba. Michubuko kifuani na tumboni, amepanda ukuta. Manyoya yaliyonata kutu au rangi ya geti mgongoni, amepenya chini yake. Akirudi msafi kabisa, basi ametoka kwa miguu yake getini kama mgeni aliyesindikizwa. Kila njia ina dawa yake, na kuongeza ukuta kozi mbili kwa ajili ya mbwa anayechimba ni kutupa pesa. Anayepanda mara nyingi hupandia kitu: rundo la tofali zilizobaki ujenzini, kuni, kitako cha zege cha tangi la maji, pipa lililopinduliwa. Viondolewe mita mbili kutoka ukutani, halafu ndipo lijadiliwe suala la urefu. Anayechimba huwekewa wavu wa chuma uliolazwa chini kwa ndani, ukifuata ukuta kwa upana wa nusu mita hivi, kisha ukafukiwa na udongo na mawe. Mbwa huchimba pale ukuta unapokutana na ardhi, na akikuta chuma chini ya makucha hafikirii kurudi nyuma hatua mbili aanzie mbali. Kuhusu pengo la chini ya geti, kwenye miteremko ya Dar es Salaam mvua za masika hula udongo kila mwaka, na pengo la vidole vitatu la Februari linakuwa la kiganja na nusu ifikapo Juni. Kichwa kikishapita, kiwiliwili cha mbwa mwembamba hufuata. Kizingiti cha zege hapo ni kazi ya asubuhi moja.

Ila uzio peke yake hauwezi kuwa jibu zima, na hapa ndipo wafugaji wengi wanapokata tamaa. Wameziba, wamezibua, wameziba tena, na mbwa bado yuko barabarani. Ni kwa sababu hawajauliza anatafuta nini. Dume asiyehasiwa akinusa jike aliye kwenye joto mitaa kadhaa mbali atakataa chakula, atalia usiku kucha, na ataujaribu ukuta ule ule mara 50. Joto lenyewe hudumu wiki tatu hivi, na jike hulipata takriban mara mbili kwa mwaka, kwa hiyo katika mtaa wenye majike kumi kuna wito karibu kila mwezi. Mwingine hutoka kwa njaa, kwa sababu mabaki ya nyumba ya watu wanne hayamtoshi mbwa wa kilo 25, na jalala la sokoni lina vichwa vya samaki. Mwingine hutoka kwa hofu: radi za masika, au fataki za mkesha wa mwaka mpya, ambazo humtoa mbwa mtulivu kabisa juu ya ukuta ambao hajawahi kuugusa. Na wengi, naamini wengi kuliko wote hao, hutoka kwa sababu ndani hakuna la kufanya. Mbwa wa mjini kwetu hufungiwa bandani alfajiri, ndani ya chumba cha mita moja na nusu chenye bati la moto juu, hukaa humo zaidi ya saa 12, halafu hufunguliwa usiku wakati kila mtu amelala. Hajatembezwa, hajaguswa, hajazungumzishwa. Kwake barabara ni shule, ni soko na ni baraza. Mbwa wa namna hiyo akitembezwa kwa kamba nusu saa kabla jua halijawa kali, akapewa mfupa wa kutafuna kutwa na kivuli cha kulala, utoro hupungua hata kabla fundi hajafika.

Hapo atatokea wa kusema: kwa nini taabu yote hiyo, mnyororo upo dukani. Ni kweli upo, na ni kweli mbwa aliyefungwa kwenye mwembe haendi popote. Lakini mnyororo una bei ambayo haiandikwi kwenye risiti. Utafiti uliofanywa mjini Denver, Marekani, na kuchapishwa mwaka 1994, ulilinganisha mbwa waliong'ata watu na mbwa wa maeneo hayo hayo ambao hawakung'ata. Waliong'ata walielekea karibu mara tatu zaidi kuwa mbwa wanaofungwa minyororo uani. Walielekea pia kuwa madume, tena wasiohasiwa. Mtu anaweza kujibu kwamba mbwa mkali ndiye anayefungwa, mnyororo haujamfanya mkali. Hoja hiyo ina uzito. Utafiti wa kulinganisha namna hiyo hauwezi kutenganisha kabisa chanzo na matokeo. Lakini fikiria hali yenyewe. Mbwa huwa na njia mbili akitishwa, kukimbia au kung'ata. Mnyororo humnyang'anya moja. Mtoto wa mgeni anayefuata mpira hadi ndani ya ile duara ya ardhi iliyokanyagwa ikawa ngumu kama sakafu anakutana na mnyama aliyebakiwa na njia moja. Tena mnyororo hukatika, pete hutanuka, na mbwa aliyefungwa miezi sita akiachiwa kwa bahati mbaya hatoki kama mbwa aliyezoea uhuru wa ua. Hutoka kama mfungwa. Kwa ulinzi nao haufai: mwizi hahitaji zaidi ya kujua kamba inaishia wapi.

Ulinzi ndio hoja kubwa ya upande wa pili, na inastahili kujibiwa kwa heshima kwa kuwa watu hawafugi mbwa mjini kwa mapambo. Husemwa mbwa akihasiwa analegea, anakuwa mzembe, wezi wanapita. Hofu hii inachanganya vitu viwili. Kuhasi hupunguza kile kinachomtoa dume nyumbani, yaani kutafuta jike, na tafiti zilizofanywa tangu miaka ya 1970 zinaonyesha kwamba kuzurura hupungua kwa madume walio wengi, hata waliohasiwa wakiwa wameshakomaa. Kubwekea mgeni na kulinda eneo ni jambo jingine. Majike hulinda vizuri sana, na hakuna aliyewahi kudai kuwa ukali wao unatoka kwenye korodani. Halafu kuna swali ambalo wenye hoja ya ulinzi hawajiulizi: saa nane usiku, mwizi anaporuka ukuta, mbwa mtoro yuko wapi? Yuko mtaa wa tatu, katika kundi la madume saba mbele ya geti la watu wengine. Mbwa asiyekuwepo halindi kitu.

Gharama ni hoja ya kweli, hasa kwa mpangaji. Ua si wake, mwenye nyumba hataki kuchimbiwa, na fundi wa kuchomelea anataka pesa taslimu. Simlaumu mtu asiyeweza kujenga ukuta. Hata hivyo, mengi niliyoyataja hayana bei ya ukuta: kuondoa pipa, kulaza wavu, kumwaga zege debe mbili chini ya geti, kubadili saa ya kulisha iwe saa ya honi, kumtembeza mbwa. Na kama hata hayo hayawezekani, kama ua hauna uzio kabisa na siku nzima nyumbani hakuna mtu, basi nasema waziwazi, ijapokuwa najua halipendezi: mbwa asichukuliwe. Hatumpi mtu lawama akisema hawezi kufuga ng'ombe kwenye chumba kimoja cha Manzese. Tumweleweshe vivyo hivyo anayetaka mbwa kwa sababu rafiki yake ana watoto wa mbwa wa bure.

Wengine watasema mbwa wa asili ya kwetu hakuumbwa kwa kuta, na babu zetu hawakufunga mbwa. Hapo nakubali nusu. Mbwa anayefuata ng'ombe porini, au anayelinda shamba la mahindi dhidi ya nyani, ana kazi, ana nafasi, na mara nyingi ana mtu karibu naye mchana kutwa. Kumfungia huyo kungekuwa upuuzi. Lakini babu huyo hakuwa na Barabara ya Morogoro mbele ya mlango, wala nyumba 40 katika eneo la shamba moja. Mbwa hajabadilika, kilichobadilika ni kilichoko nje ya geti. Wala nisieleweke kwamba vijijini hakuna hasara. Mwaka 1994 ugonjwa wa distempa, unaohusishwa na mbwa wa kufugwa, ulipoingia Serengeti uliua simba wapatao 1,000, karibu theluthi ya simba wote wa hifadhi hiyo. Huko mbwa hawakufungiwa, walichanjwa, na ndiyo njia iliyofaa mazingira yale.

Je, mjini nako chanjo haitoshi? Kwa upande wa kichaa, chanjo ndiyo nguzo, wala sitaki mtu afunge geti akaona amemaliza. Wataalamu hulenga kuchanja angalau mbwa 70 katika kila 100 wa eneo. Uchunguzi wa muda mrefu katika wilaya za Serengeti na Ngorongoro ulionyesha kwamba mbwa mmoja mwenye kichaa huambukiza kwa wastani mbwa mmoja na ushei. Ushei huo tu ndio unaoubakiza ugonjwa hai. Ukiuondoa, mnyororo wa maambukizi hukatika wenyewe. Kisiwani Pemba ulikatika kufikia 2014, ugonjwa ukarudi mwaka 2016, ukazimwa tena kwa chanjo kufikia 2018, na vinasaba vya kirusi vilionyesha kwamba uliletwa upya kutoka nje ya kisiwa. Bahari ni uzio ambao hakuna fundi anayeweza kuuiga, na bado palikuwa na geti, chombo cha majini, na mtu aliyelifungua. Lakini chanjo haimzuii mbwa aliyechanjwa kugongwa na bajaji, kumwangusha mama aliyebeba ndoo, au kula mbuzi wa watu. Isitoshe, mbwa mtoro ndiye huyo huyo asiyepatikana siku ya chanjo: wachanjaji wako ofisi ya serikali ya mtaa hadi saa nane mchana, na yeye anarudi saa kumi.

Kuna suala ambalo waandishi hulikwepa kwa kuogopa kugusa dini. Miji yetu ya pwani imejaa Waislamu, wengi wao wakifuata madhehebu ya Shafii, na kwao mate ya mbwa ni najisi nzito: kilichoguswa huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Mbwa wako akiingia kwa jirani akalamba sufuria zilizoanikwa kichanjani, au akajisugua kwenye mkeka wa kuswalia, wewe unaona ni jambo la kucheka. Jirani anaona kazi ya asubuhi nzima imeharibika. Dini hiyo hiyo inaruhusu mbwa wa kulinda, wa kuwinda na wa kuchunga mifugo, kwa hiyo ugomvi haupo kwenye kufuga. Upo kwenye ukuta. Nimesikia watu wakisema jirani wa aina hiyo "ana chuki na mbwa". Anachodai ni mpaka, na mpaka ni haki yake kama ulivyo haki yangu mpaka wa kiwanja.

Pamoja na yote hayo, iko siku mbwa atatoka. Tujiandae. Mkanda shingoni wenye namba ya simu iliyoandikwa kwa wino usiofutika ni bei ya chupa mbili za soda, na ndio unaomgeuza kutoka "koko" kuwa mbwa wa mtu mbele ya macho ya asiyemjua. Picha yake iwe kwenye simu. Cheti cha chanjo kikae mahali panapojulikana na wote nyumbani. Na akirudi asipigwe. Hili naliona ni gumu kuliko kumwaga zege, kwa maana hasira za kumtafuta mbwa usiku na tochi ni za haki kabisa. Lakini mbwa haunganishi fimbo ya saa tatu na utoro wa saa moja. Anaunganisha fimbo na geti la nyumbani, na mkono uliomwita. Mpige mara tatu anaporudi, umemfundisha kutorudi. Wala asikimbizwe barabarani, maana atakimbia zaidi. Aitwe kwa sufuria yake ya chakula, kwa sauti ya kawaida, aingie, ale, halafu achunguzwe mwili mzima. Akiwa na jeraha la kung'atwa na mbwa mwingine, safari ya kesho yake ni kwa daktari wa mifugo, hata kama alichanjwa.

Tukija kwenye mamlaka, mitaa yetu imezoea kungoja malalamiko yafurike, kisha halmashauri hutangaza kuwaua mbwa wanaozurura. Shirika la Afya Duniani limesema mara nyingi kwamba kuua mbwa hakuzuii kichaa. Sababu iko kwenye kichwa cha makala hii: mbwa hao wana wenyewe, na aliyepoteza mbwa wa ulinzi Jumatatu atatafuta mwingine Jumamosi, mchanga, asiye na chanjo, kuja kuishi nyuma ya geti lile lile lenye pengo lile lile. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na Kenya ina sheria maalumu ya kichaa cha mbwa, Sura ya 365, kwa hiyo vitabu vya sheria havikosekani. Kinachokosekana ni daftari. Ofisi ya mtaa inayojua nani ana duka la pombe na nani hajalipa pesa ya taka inaweza pia kujua nani ana mbwa wangapi, walichanjwa lini, na wanakaa wapi mchana. Na jirani akifika pale na malalamiko, mwenyekiti wa mtaa asiishie kuuliza mbwa ana rangi gani. Aende na futi ya fundi hadi getini, apime kutoka ukingo wa chuma hadi kwenye udongo, aandike hiyo namba kwenye daftari mbele ya mwenye nyumba, na arudi kupima tena baada ya wiki mbili.